Tunawajengea, au tunajipigia picha? Wanawake wa kujitolea kwenye mjengo, Nairobi

#1 MwikoMkononi

Wadau, salama? Uzi huu ni mrefu, mwenye chai aisogeze karibu.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni ya mezani, naandika hesabu za duka la vipuri vya magari, na hadi mwaka juzi karai niliyoijua ni ya kufulia nguo. Kisha mwenzangu wa chama akanivuta kwenye kikundi cha wanawake wanaojitolea kujengea familia zenye kipato kidogo. Tuko kumi na saba: walimu wawili, muuguzi, wauza mitumba wa Gikomba, mmoja ana saluni Umoja, wengine wa ofisini kama mimi. Jumamosi mbili kila mwezi, saa moja asubuhi, tuko stejini na gambuti ndani ya kiondo, tunaelekea Ruai. Jina la kikundi naliweka kando, maana si yote nitakayosema ni ya sifa.

Wazo lenyewe si letu. Habitat for Humanity, shirika lililoanzishwa mwaka 1976 kule Americus, Georgia, Marekani, hujenga kwa mikono ya watu wa kujitolea, na familia inayopata nyumba nayo hutoa jasho lake pale pale kwenye mjengo, halafu inalipa pole pole bila mtu kuweka faida juu. Mwaka 1991, mjini Charlotte, North Carolina, wanawake wakasimamisha nyumba yao ya kwanza wenyewe, na kutoka hapo ikakua programu nzima ya wanawake. Hapa Kenya shirika hilo lipo tangu 1982. Sisi si tawi lao. Mmoja wetu tu alisoma habari hiyo akaileta kwenye kikao: wale waliweza, sisi tunangoja nini?

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja aliyepanga Mukuru, chumba kimoja cha mabati, watoto wanne. Ploti alikuwa ameilipa kidogo kidogo kupitia chama chake kwa miaka saba. Mawe alinunua nusu, nusu tukachangia. Simiti ikatoka kwa mdhamini.

Mnaoijua Ruai mnaujua ule udongo mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kutumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko. Mvua ikinyesha unavimba na kung'ang'ania gambuti kama mtu anayedai deni. Ukiweka msingi juu yake nyumba inapanda na kushuka nao, na baada ya msimu mmoja utaona mstari mwembamba ukitambaa kutoka kona ya dirisha. Kwa hiyo Jumamosi nne za kwanza hatukujenga kitu. Tulichimba tu, tukautoa mweusi wote mpaka sululu ikagonga ule mgumu wenye rangi ya kutu, zaidi ya mita moja kwenda chini. Nilirudi nyumbani siwezi kushika hata kijiko. Mume wangu alinitazama nikila wali kwa mkono wa kushoto, hakusema kitu, na namshukuru kwa hilo.

Sasa siku ya mawe. Msingi umekauka, mawe ya Ndarugo yamepangwa, fundi tuliyemlipa ametuwekea kona na kamba. Saa nne wageni wa mdhamini wakafika na kamera. Kila mmoja akataka apigwe picha akilaza jiwe. Tukapeana mwiko kama watu wanaokata keki ya harusi: wewe shika, tabasamu, haya mwingine. Fundi alikuwa ameenda kufuata mbao. Pima maji ilikuwa imelala juu ya gunia la simiti na hakuna aliyeigusa.

Aliporudi, wageni walikuwa wamekwenda zao na sisi tuko mstari wa nne, tunajisifu. Hakusema neno. Alitoa timazi mfukoni, akaishikilia juu ya ukuta, akaiacha itulie. Kile kipande cha shaba kilining'inia mbali na jiwe la chini upana wa vidole viwili. Akauegemeza mguu pale ukutani, akasukuma. Mistari mitatu ikalala.

Na yule mama, mwenye nyumba, alikuwa wapi muda wote huo? Alikuwa nyuma kwenye jiko la mawe matatu, anatupikia madondo. Alikuja na mwiko wa ugali mkononi, akaangalia yale mawe, mawili yamekatika katikati. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Hayo niliyanunua mimi."

Mpaka leo sauti hiyo nikiikumbuka nakunja vidole vya miguu ndani ya kiatu.

Tangu siku hiyo tulibadilisha mambo mawili. Kwanza, chakula tunakuja nacho, na mwenye nyumba hapiki. Anakuwa ukutani pamoja na fundi, sisi ndio tunaomhudumia. Pili, kitabu cha risiti anakishika yeye. Mama yule alipofika kwenye linta, ule mhimili wa juu ya milango na madirisha, alikuwa anajua lori la mchanga lina tani ngapi na kokoto ipi imechanganywa na vumbi. Dereva mmoja alijaribu kumletea lori pungufu, akapanda juu ya gurudumu akapima urefu wa mchanga kwa fito. Lori lilirudi lilikotoka.

Lakini kuna jambo la tatu, na hilo ndilo limenileta hapa. Familia ya pili: mke ndiye amelipa ploti, jasho lake la kuuza mboga Muthurwa, ila risiti zote na makubaliano ya kununua vina jina la mume. Tukasema tusianze mpaka jina lake nalo liingie. Kikundi kimegawanyika katikati. Upande mmoja wanasema kazi yetu ni kujenga, si kuingia chumbani kwa watu. Upande wa pili, nikiwemo, tunasema nyumba ambayo mama anaweza kufukuzwa kesho hatukumjengea yeye. Nyinyi mnaonaje?

#2 Fundi_Donholm

Mama, nimecheka hapo kwa keki ya harusi mpaka abiria wenzangu wamegeuka.

Niseme ukweli bila kukukosea heshima. Watu kumi na saba wa kujitolea kwa Jumamosi nzima, mimi na vibarua wawili tunaimaliza hiyo kazi kabla ya saa sita. Na ile pesa ya nauli, maji ya chupa na fulana zilizoandikwa jina la kikundi, ungelipa vijana watatu wa mtaa huo huo wiki nzima. Kwenye nyumba ndogo ya mawe, leba kwa hesabu yangu huwa kama theluthi. Nyingine yote ni vifaa, na ukiongeza ardhi ndiyo kabisa. Kwa hiyo mnapojitolea mnapunguza lile fungu dogo.

Nikiwapa sifa, ni kwa hili la risiti. Nimejengea watu miaka ishirini. Wanaoibiwa zaidi ni akina mama wanaokuja sait mara moja kwa wiki, wanauliza "imefika wapi?", wanaondoka. Simiti inatoka kwa mlango wa nyuma. Mama anayehesabu mifuko mitupu jioni haibiwi.

Na ukuta: mtu mpya hapewi jiwe, anapewa pima maji. Akiisoma siku nzima bila kukosea ndiyo anapewa mwiko.

#3 Pipeline_GhorofaSita

Mimi swali langu ni dogo. Kila mwezi nakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa nyumba za bei nafuu, na mwajiri naye anaweka 1.5. Sheria ilipitishwa Machi 2024, baada ya ile ya kwanza kugongwa kotini. Sasa kama ninachangia hivyo, kwa nini tena mama wa mboga ajengewe na walimu Jumamosi?

Naishi ghorofa ya sita, maji nabeba kwa mtungi wa lita ishirini. Sina ubaya na mtu, nauliza tu.

#4 MwikoMkononi

@Pipeline pole na hizo ngazi. Jibu fupi: zile nyumba ni za ghorofa, unaomba, unaweka akiba, unapewa ama unangoja. Sheria imewawekea wa kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi kundi lao la nyumba za jamii, na hilo ni jema. Lakini mama mwenye ploti yake tayari, aliyeilipia miaka saba, haombi ghorofa. Anaomba kuta na paa juu ya kipande chake. Huyo ndiye wetu.

@Fundi umenichoma lakini umesema kweli. Fulana tumeacha.

#5 Kanjo_Mstaafu

Nimesoma kimya, sasa niingie. Nilifanya kazi ya jiji miaka mingi, mipango ya makazi, zaidi nikishika mkanda wa kupimia na kubeba mafaili.

Nyinyi vijana mnadhani mambo haya yameanza na kamera. Dandora mnayoiona, miaka ya 70, ilianza kwa mkopo wa Benki ya Dunia kama ploti zipatazo 6,000. Mtu hakupewa nyumba. Alipewa kipande chenye choo na bomba, vyumba akajijengea. Wengi walijenga, wengi wakapangisha, na wengine wakauza wakarudi walikotoka. Kosa lilikuwa moja: aliyekuwa na pesa kidogo alimngoja aliyekuwa hana, mpaka auze.

Kilichonifungua macho ni Kambi Moto, pale Huruma. Wakazi walikuwa kwenye Muungano wa Wanavijiji, ule uliozaliwa 1996 watu wakipinga kubomolewa. Kabla ya kujenga chochote walisimamisha nyumba ya kitambaa. Ndiyo, leso na mashuka juu ya fito, ukubwa kamili wa nyumba halisi, ili kila mtu aingie ndani aone kitanda kitakaa wapi. Wanaume waliangalia kutoka nje. Akina mama waliingia, wakalala chini kwenye vumbi kupima urefu, wakasema ngazi ikiwa hapa sufuria itapita wapi? Hayo maswali hakuna mhandisi aliyeyauliza.

Mbinu hiyo ilitembea kutoka Uhindi. Akina mama wa kando ya barabara kule Byculla, Mumbai, kikundi chao Mahila Milan, walikuwa wakipima vyumba kwa sari zao kwa sababu sari kila mmoja anaujua urefu wake. Miaka ya 80 hiyo.

Kuanzia 2003 nyumba za Kambi Moto zikaanza kupanda, kwenye mraba wa mita nne na kitu kila upande, kwenda juu kwa awamu kadiri mtu anavyopata. Sakafu ya juu waliipanga kwa laadi, vibao vidogo vya zege vinavyolala juu ya mihimili, wakivifinyanga wenyewe pale chini. Unaokoa mbao nyingi za kushikilia zege. Wakazi walichanga akiba, wakatoa na mikono.

Kwa hiyo fundi wangu wa Donholm, leba ni theluthi, sawa. Lakini aliyefinyanga laadi ya sakafu yake mwenyewe humdanganyi kuhusu sakafu.

#6 Shosh_wa_Kangema

Kanjo umesema ya mjini, mimi niseme ya nyumbani. Mjukuu wangu ananiandikia, mimi nasema.

Miaka ya 60 na 70 huko kwetu Murang'a nyumba zilikuwa za nyasi. Nyasi zinavuja, nyasi zinaoza, na kukata nyasi na kuzibeba ni kazi ya mwanamke. Ndipo vikundi vya mabati vikaanza. Tulilima mashamba ya watu kwa kibarua, tunaimba, pesa inaingia kwa mfuko mmoja. Mwezi huu mabati ya fulani, mwezi ujao ya fulani. Kijiji kizima kikawa kinang'aa ukiangalia kutoka ng'ambo ya mto. Na maji ya mvua tukaanza kuyakinga, mgongo ukapumzika na mtungi.

Hatukuita kujitolea. Ukikosa kuja zamu ya mwenzako, siku yako hakuna anayekuja.

Wewe mama wa mwiko, kikundi chako kinakosea hapo. Unaenda Ruai, unajenga, unarudi kwako Jumamosi imekwisha. Yule mama atakulipa na nini? Atabaki na deni la moyo. Mfanye naye aje kujenga ya mwingine. Hapo atakutazama usoni.

#7 MwikoMkononi

Shosh, hapo umenipata. Nimesoma mara mbili.

Kwa kweli yule mama wa kwanza aliomba kuja kwenye nyumba ya pili, na kuna waliosema "tumwache apumzike". Kumbe tulikuwa tunamnyima.

#8 BabaWatatu

Nimengoja mtu aseme, hakuna. Basi niseme mimi.

Hilo jambo la tatu ni la kuvunja ndoa. Mume na mke wamekaa miaka kumi na mitano, wamekula ugali na chumvi pamoja, leo wageni wenye gambuti mnafika mnasema jina la mke liingie ndipo mjenge. Mnampa mume ujumbe gani? Kwamba yeye ni mwizi kabla hajaiba. Risiti zina jina lake kwa sababu labda yeye ndiye alienda kuzichukua. Mnajua? Mliuliza?

Mimi nyumba yangu ina jina langu na mke wangu hajawahi kulala nje hata siku moja.

#9 Mpangaji_Milele

@BabaWatatu na siku ukifa, ndugu zako je? Nimeona matanga yakiisha Jumamosi, Jumatatu mjane anaulizwa funguo.

#10 KaraniWaSheria

Si wakili, ni karani tu, lakini faili za namna hii hupita mezani kwangu kila wiki. Acheni niweke mambo sawa, kwa sababu pande zote mbili mnabishana kwa moyo na sheria ipo.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mke na mume wote. Kwa hiyo BabaWatatu hata kama jina ni lako pekee, huwezi kuamka ukauza. Mchango nao si pesa tu. Sheria hiyo inahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia mali, kulima.

Lakini, na hapa ndipo watu wengi hujikwaa, mchango huo unauthibitisha. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba hakuna nusu kwa nusu ya kujigawia ndoa ikivunjika. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Sasa niambieni mama wa mboga Muthurwa, aliyelipa ploti kwa noti za mia mia kwa miaka kadhaa, ataonyesha nini ikiwa risiti zote zina jina la mume? Ataita sukuma wiki zije kutoa ushahidi?

Nimewahi kuona mama akileta kotini daftari la shule la kurasa 32. Kila tarehe, kila mfuko wa simiti, kila fundi, na kidole gumba cha fundi pembeni kwa wino wa bluu. Lilikuwa na madoa ya mafuta ya kupikia. Wakili wa upande wa pili alilipekua, akalipekua tena, akakaa chini.

Ushauri wangu kwa kikundi: msiende na amri ya "jina liingie ama hatujengi". Nendeni na daftari. Fungueni daftari la mjengo siku ya kwanza, mwandike nani ametoa nini, mume, mke, mtoto, nyinyi. Wote watie sahihi. Mume mwema hatakataa kuandikwa alichotoa. Atakayekataa amewajibu swali lenu. Na mumweleze mke kwamba makubaliano ya kununua ploti yanaweza kuandikwa upya kwa majina mawili kabla hati haijatoka. Baada ya hati ni safari ndefu na gharama.

#11 BabaWatatu

Daftari sina shida nalo. Hilo ni la haki. Shida yangu ilikuwa amri.

#12 MwikoMkononi

BabaWatatu, umeuliza kama tuliuliza. Ukweli ni kwamba hatukumuuliza mume. Tulimuuliza mke pembeni, akainamisha macho, tukajaza wenyewe yaliyobaki. Hapo nimekosea na wenzangu. Jumamosi hii tutakaa nao wote wawili, na daftari.

Karani, asante. Hilo la kidole gumba cha fundi nalichukua lilivyo.

#13 Jirani_Mukuru

Nyote mnaongea juu yetu vizuri sana. Mimi ndiye huyo wa kipato cha chini, nifurahi kuwajua.

Niko Mukuru kwa Njenga. Mwaka 2021 yalikuja matrekta kubomoa ili barabara ipite, tukalala nje. Mvua za Aprili na Mei 2024 maji yaliingia hadi kitandani, kisha wa kando ya mto, walio ndani ya mita 30, wakaambiwa wahame. Mwaka 2017 tulitangaziwa kuwa eneo maalumu la mipango, Mukuru zote tatu, kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, kaya kama laki moja. Tulihesabiwa, tulichorwa, tulikaa mikutano, na mimi nilikaa mingi. Sisemi haikusaidia, barabara zingine zimefunguka na bomba limefika. Ninasema tumezoea watu kuja.

Tunachokitaka si huruma. Nina ploti Kamulu, futi 40 kwa 60, na jina ni langu, karani atulie. Sina pesa ya mawe. Nimesikia kuna matofali ya udongo ya kufungana, yasiyochomwa, yanayotoka kwa mashine ya mkono. Udongo wangu juu ni mweusi, ukichimba kama futi tatu ni mwekundu. Fundi, utafaa? Kila mtu namuuliza ananiambia "itategemea".

#14 Fundi_Donholm

Dada, hatimaye swali la kazi. Mweusi utupe mbali, hata kwa bustani ya jirani. Mwekundu ndio tunaupima, na hauhitaji mtaalamu wala maabara. Fanya hivi.

Tafuta seremala akupigie sanduku la mbao lisilo na kifuniko, ndani urefu sentimita 60, upana 4, kimo 4. Lipake mafuta ndani, hata ya kupikia yaliyotumika. Chukua ule mwekundu kutoka chini, si wa juu wenye mizizi, uchekeche, ulowanishe mpaka uwe kama unga wa chapati uliozidishiwa maji kidogo. Jaza sanduku, shindilia kona na kijiti usiache hewa, sawazisha juu. Liweke juani siku tatu. Mvua ikitaka kuja liingize ndani.

Ukikauka utaona udongo umejikusanya, umeacha nafasi mwishoni. Sukuma wote upande mmoja, pima ile nafasi kwa rula. Chini ya milimita 12, changanya simiti moja kwa udongo kumi na nane. Kati ya 12 na 24, moja kwa kumi na sita. Kati ya 24 na 39, moja kwa kumi na nne. Hadi 50, moja kwa kumi na mbili. Ikizidi hapo udongo una mfinyanzi mwingi, ongeza mchanga upime tena.

Mfuko mmoja wa kilo 50 utakupa kama matofali mia, wakati mwingine pungufu. Yakitoka kwa mashine usiyaanike. Hapo ndipo wengi wanaharibu, wanaona kama ni tofali la kuchoma. Yapange kivulini, yafunike, yamwagilie maji kila asubuhi na jioni wiki nzima, kisha yaache mpaka siku 28 zitimie. Tofali lililokauka haraka unalivunja kwa goti.

Na msingi usiguse udongo huo. Msingi ni mawe na zege, hapo hakuna mjadala.

#15 Pipeline_GhorofaSita

Huu uzi umenifundisha kuliko zile semina za kazini. Swali la pembeni: mtu anaweza kuweka zile vigae vya plastiki uani? Nasikia Nzambi Matee alianza kuvitengeneza hapa Nairobi kwa taka.

#16 Fundi_Donholm

Vya njia na ua, ndiyo. Ukuta bado tuko kwa udongo.

#17 Shosh_wa_Kangema

Huyo wa Kamulu ana chama? Asijenge peke yake. Kumwagilia maji asubuhi na jioni wiki nzima, na kazi anayo, atawezaje. Watu watano, kila mtu siku yake.

#18 Jirani_Mukuru

Shosh, ninacho, tuko tisa. Wawili wameshaniambia wanataka nao kujua hiyo mashine, kwa sababu kwenye mjengo tunaitwa tu kubeba maji na kupika githeri. Mwiko hakuna anayekupa. Kwa siku unapata nusu ya fundi na mgongo umeisha mara mbili.

Seremala amenitoza mia mbili kwa sanduku. Alidhani ni la kuzikia paka.

#19 MwikoMkononi

Nirudi na habari. Tulikaa Jumamosi na wale mke na mume, chini ya mwembe wa jirani, muuguzi wetu akiandika. Mume alikuwa amekuja amekunja uso. Tulipoanza kuorodhesha, yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Ploti ni yeye amelipa, mimi nilikuwa sina kazi miaka minne, risiti nilichukua kwa kuwa yeye alikuwa sokoni." Hivyo tu. Mke hakuinua macho hata hapo, ila alivua leso ya kichwani akaifunga tena, polepole sana. Wanaenda kwa muuzaji wiki ijayo kuandika makubaliano upya.

Kwa hiyo BabaWatatu, ulikuwa na haki tuulize. Na wenzangu waliosema tusiingie chumbani kwa watu, nadhani nao wamefarijika.

Yule mama wa nyumba ya kwanza alikuja. Ndiye aliyeshika pima maji.

#20 Jirani_Mukuru

Siku tatu zimeisha, sanduku nimelitoa juani. Nafasi ni milimita 31. Nimepima mara tatu na rula ya mtoto wa darasa la nne.

#21 Fundi_Donholm

Moja kwa kumi na nne. Udongo wako ni mzuri, dada. Pimia kwa ndoo ile ile, si ndoo ya simiti ndogo na ya udongo kubwa. Mashine ya kukodi nina mtu namfahamu, nitakutumia bei kwa ujumbe wa ndani.

#22 MwikoMkononi

@Jirani_Mukuru sisi tuko kumi na saba, nyinyi tisa. Jumamosi ya pili ya mwezi ujao tuko huru. Tunakaribishwa?

#23 Jirani_Mukuru

Karibuni Kamulu. Gambuti mje nazo, chakula mje nacho. Mimi nitakuwa kwa mashine.